Zege halilali, na nondo zilizoibwa tunalipishwa sisi

Shikamoo Mjomba,

Naomba usiweke jina langu. Nina miaka 29, naishi Mkolani hapa Mwanza, mama wa watoto wawili. Mume wangu yuko Ukerewe kwenye dagaa, tunamwona nyumbani wakati wa mbalamwezi tu. Mimi ni saidia fundi. Tangu baada ya Pasaka niko kwenye ghorofa moja linalojengwa upande wa Nyegezi, nabeba karai la zege, kokoto na maji.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya mchana. Sasa kila wakifika kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, tunaitwa usiku. Tunaingia saa 1 jioni, tunatoka saa 10 au 11 alfajiri zege likiisha. Ukiuliza kwa nini usiku, foromani anakujibu "zege halilali", basi. Malipo ni 15,000 mkononi, pale pale getini wakati wa kutoka.

Mjomba, kazi yenyewe naiweza. Kinachonitisha ni mambo mengine. Taa ni mbili, zimefungwa chini kwenye mirunda, zinakupiga machoni ukiwa unapanda ngazi na karai kichwani. Jenereta ikiisha mafuta giza linaingia ghafla, na watu hawasimami, wanaendelea kutembea kwa kukariri njia. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliinua plaiwudi iliyokuwa imelala pale juu, alitaka kuipeleka kwa fundi. Kumbe ilikuwa imefunika tundu la ngazi. Alipiga hatua moja tu akaingia. Alinasa kwa makwapa kwenye nondo, ndiyo ikawa nafuu yake, ila mbavu ziliumia. Hospitali hakupelekwa, alipewa elfu ishirini na vidonge vya maumivu. Kofia ngumu zipo, lakini zimetundikwa ofisini kwa ajili ya injinia na wageni. Choo kiko nyuma kabisa kwenye kona ya uzio wa mabati, hakina taa wala komeo. Sisi wanawake tuko watatu, tunaacha kunywa maji tangu jioni ili tusiende huko.

Sasa limekuja hili la juzi. Asubuhi baada ya zamu yetu wamekuta nondo za milimita 12 zimepungua, wanasema arobaini. Foromani akatukusanya, akasema wote waliokuwa zamu watakatwa 5,000 kila usiku mpaka hela itimie. Ameleta karatasi yenye majina yetu tusaini kwamba "tunakubali kuhusika na upotevu". Wenzangu wengi wamesaini. Mimi nilisema nimesahau miwani nyumbani, wakacheka kwa sababu wanajua sivai miwani. Tena ametoa amri: kuanzia sasa zege likiisha, watu wawili wabaki kulinda mpaka zamu ya mchana iingie saa 2 asubuhi, kwa kupokezana, wanawake pia, bila malipo. Mlinzi yupo, mzee wa watu, ana rungu na tochi, ila ikifika saa 8 analala fofofo.

Na kurudi nyumbani nako ni shida. Mwenzangu wa Butimba alikabwa alfajiri, wakachukua simu na hela ya usiku huo. Anasema walijua mpaka mahali alipoiweka.

Mume wangu anataka niache nikauze dagaa. Mtaji hatuna. Na getini kila jioni kuna watu wamejipanga wanasubiri mmoja wetu asije. Nisaini? Niache? Nondo nitazilindaje mimi? Nisaidie Mjomba. Wabeja sana.

Saidia Fundi, Mkolani

* * *

Marahaba, mpwa wangu.

Usisaini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu huenda unasoma haya ukiwa njiani kwenda zamu, na sitaki umalize majibu yangu huku kalamu ya foromani iko mkononi mwako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimzuii mwajiri kudai kilichopotea, lakini imemwekea vizingiti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako wewe, si la zamu nzima kwa ujumla wake. Upewe nafasi ya kujieleza. Uwe umekubali kwa maandishi, na maandishi yataje sababu na kiasi. Makato yasizidi thamani ya hasara, wala yasivuke robo ya ujira wako. Sasa iangalie karatasi mliyoletewa. Haisemi nani alifanya nini. Kwa ulivyoieleza, haina hata kiasi cha hasara. Na 5,000 kwenye 15,000 ni theluthi, kwa hiyo hata ungeisaini mbele ya mashahidi bado makato yenyewe yamepita mstari. Linalonitia wasiwasi zaidi ya hela ni yale maneno "tunakubali kuhusika". Polisi wakiitwa kesho, karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa juu ya meza, na saini yako iko chini yake.

Halafu tupige hesabu ya nondo zenyewe, maana naona hapo saiti hakuna aliyeipiga. Nondo ya milimita 12 ina urefu wa mita 12 na uzito wa kilo 10 na ushei. Arobaini zinapita kilo 400. Huo si mzigo wa kibaka anayeruka uzio wa mabati. Hapo pana gari, pana geti lililofunguliwa, na pana mtu aliyejua usiku huo hakuna anayehesabu. Simtuhumu mtu nisiyemjua. Ila anayezitafuta nondo hizo kwenye mifuko ya wabeba karai anazitafuta mahali ambapo hazikupita.

Foromani akikubana, mjibu kwa heshima na mbele ya wenzako: "Foromani, sikatai kuulizwa. Naomba uniandikie kosa langu ni lipi, na nondo zilihesabiwa lini mara ya mwisho kabla hazijapotea, na nani alizihesabu." Swali hilo la mwisho ni zito. Nilisimamia saiti miaka mingi kabla ya kukalia kiti hiki cha ushauri, na ninakwambia nondo nyingi huhesabiwa siku zinapoletwa na siku zinapogundulika hazitoshi. Katikati hapo ni mwenyezi Mungu na mtunza stoo. Wenzako waliokwisha kusaini nao hawajafungwa. Waandike barua fupi ya pamoja kwamba hawakupewa nafasi ya kujieleza na hawayakubali makato, wabaki na nakala.

Kuhusu amri ya kulinda. Ukiingia saa 1 jioni ukatoka saa 2 asubuhi umefanya kazi saa 13. Sheria hiyo hiyo imeweka ukomo wa saa 12 kwa siku, pamoja na muda wa ziada, na inataka upumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Ukitoka saa 2 asubuhi na kuitwa tena saa 1 jioni, mapumziko ni saa 11, kabla hujatoa muda wa njiani na wa kuwapikia watoto. Na muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa, haulipwi "asante". Kazi ya usiku yenyewe ina nyongeza yake: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa inaongezewa asilimia 5 ya ujira. Kwa zamu ya 15,000 hiyo ni kama 750, haifiki mbali, ila ni yako, na foromani anayezijua nondo zake moja moja anapaswa kuijua na hiyo.

Lakini tuache sheria kidogo. Kulinda nondo usiku ukiwa na tochi ya simu ni hatari tupu. Wanaokuja na gari kuchukua tani nusu ya chuma hawarudishwi na kelele za mama wa watoto wawili. Ikitokea wamekukuta saiti, usiwamulike usoni na usiwafuate. Hata ukimtambua mmoja wao, usimwite jina. Wizi mwingi unageuka damu pale mwizi anapojua ametambuliwa. Rudi nyuma walipo wenzako, piga simu, acha chuma kiende. Nondo inanunulika Mwanza mjini kesho asubuhi.

Kinachozilinda nondo ni mpangilio, na huo ni wa mkandarasi. Zirundikwe mahali pamoja chini ya taa, zifungwe mnyororo na kufuli. Zihesabiwe zamu inapoingia na inapotoka, mtunza stoo na foromani wasaini. Gari lisitoke usiku bila karatasi. Walinzi wawe wawili wa kupokezana, kwa sababu mzee wa rungu anayekesha kila usiku wa Mungu lazima alale, na mimi simlaumu. Na mwenyekiti wa mtaa ajue kwamba hapo kuna kazi za usiku. Mikoa yetu hii ya Wasukuma na Wanyamwezi ndiko sungusungu walikoanzia miaka ya 1980, ulinzi wa mtaa si jambo geni kwetu. Nashangaa saiti za ghorofa zinakaa mwaka mzima bila hata kujitambulisha kwa majirani, halafu zikiibiwa zinataka mtaa mzima uamke.

Sasa twende kwenye giza, maana kwa maoni yangu hapo ndipo mtu atakapofia, si kwa wezi.

Foromani ana hoja moja ya kweli. Slabu ikishaanza kumwagwa haifai kukatwa katikati, zege la zamani na jipya halishikani vizuri na pale ndipo patakapovujia na kupasukia. Ndiyo maana wakichelewa wanakesha. Lakini jiulize kwa nini wanachelewa kila slabu. Mara nyingi kokoto zimefika saa 9 mchana, saruji imefika saa 11, mikisa ya kuchanganyia zege imeharibika mkanda, na usiku unabebeshwa uzembe wa mchana. Slabu ya jengo la kawaida, vifaa vikiwa saiti tangu jana yake, inaanza alfajiri na jioni mnaosha makarai. Wambieni hivyo. Usiku mmoja wa kulipia mafuta ya jenereta nao una gharama, na foromani analielewa neno gharama kuliko neno hatari.

Kama usiku haukwepeki, mambo haya yawepo kabla karai la kwanza halijapanda. Taa ziwekwe juu, si chini, na zimulike kutoka pande mbili. Taa iliyo chini ya usawa wa macho inakupofusha wewe unayepanda na inatupa kivuli kirefu hapo hapo unapotaka kukanyaga. Ngazi iwe na taa yake. Na iwepo taa ya pili isiyotegemea jenereta, hata zile za kuchaji au za sola, moja kwenye ngazi na moja kwenye slabu, ili umeme ukikatika mtu aone vidole vyake vya miguu.

Jenereta ijazwe mafuta kabla ya kuanza, na ijazwe tena wakati wa chai, watu wote wakiwa wamekaa chini, imezimwa na kupoa kidogo. Isijazwe ikiwa inanguruma, wala mtu asisogee na sigara. Na isiwekwe ndani ya jengo wala kwenye shimo la chini eti isinyeshewe, moshi wake unaua mtu bila harufu ya kumshtua. Mkubaliane zamu nzima kwamba taa zikizimika ghafla kila mtu anasimama alipo, anatua karai, hapigi hata hatua moja mpaka mwanga urudi. Hilo halihitaji ruhusa ya mkandarasi. Mnaweza kulianza ninyi wabeba zege usiku huu huu, mtu mmoja apige kelele "Simama!" na wengine waitikie.

Kijana wa plaiwudi aliponea chupuchupu, na alivyoingia ndivyo wanavyoingia wengi. Ubao uliolazwa tu juu ya tundu ni mtego, kwa sababu anayeuinua anaushika kwa mbele, unamziba macho, na hatua inayofuata ndiyo ya tundu. Kifuniko cha tundu kigongomewe misumari kwenye kingo ili kisiinuke, kipakwe rangi na kiandikwe SHIMO kwa herufi za kuonekana. Tundu la ngazi, kwa ukubwa wake, lizungushiwe mbao za kushikia kiunoni. Na wewe binafsi, usiku usiinue ubao wowote uliolala, hata fundi akikuagiza, mpaka umeugonga kwa kisigino na kuuliza umefunika nini.

Kwenye waya za vaibreta, ile mashine ya kushindilia zege, na za taa, angalia viungo. Waya uliofungwa kwa gundi ya nailoni ukalala kwenye maji ya zege ni umeme uliotandikwa sakafuni. Zitundikwe juu kwenye mirunda. Misumari ya mbao za fomu ipigwe ilale. Kofia zishushwe ofisini zije vichwani, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa wafanyakazi, si kwa wageni wanaokuja kupiga picha. Kizibao chenye mistari ya kung'aa usikidharau. Dereva wa tipa anayerudi nyuma kwenye kokoto usiku haoni mtu mwenye nguo nyeusi, anaona mistari.

Na radi. Unajua mwenyewe ziwa letu, mvua zake za usiku zinakuja na ngurumo kabla hujaona wingu. Ngurumo zikianza kusogea, juu ya slabu palipojaa nondo zilizosimama si mahali pa binadamu. Shukeni. Mvua yenyewe ikinyesha kwenye zege bichi inaliharibu, kwa hiyo foromani anayesema "malizeni haraka" hata kwa zege lake hajatenda wema.

Choo kisisubiri mkutano. Taa moja na komeo la bei ya sahani mbili za wali. Mpaka viwekwe, nendeni wawili, mmoja asimame nje na tochi. Na mnywe maji, mtu anayebeba karai usiku kucha bila maji anapata kizunguzungu hapo hapo kwenye ngazi. Mwanamume akianza kuwazoea vibaya kwenye giza hilo, msimwonee haya, mtajeni kwa foromani siku hiyo hiyo, na asipomchukulia hatua, kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto.

Njia ya nyumbani. Mwenzio wa Butimba alikabwa na watu waliojua siku na saa ya malipo, kwa sababu kila mpita njia anaona foleni ya hela pale getini. Ombeni mlipwe kwa simu, tena mchana. Mkandarasi naye inamfaa, anabaki na kumbukumbu. Likishindikana hilo, malipo ya zamu mbili tatu yatolewe pamoja mchana. Zege likiisha saa 10, usitoke. Kaeni ndani ya geti kwenye mwanga mpaka kunapambazuka, na Mwanza jua halina haraka, mwanga wa kumtambua mtu unakuja baada ya saa 12. Najua watoto wanasubiri, lakini jirani akiwaangalia kwa muda huo si neno. Wa Mkolani mtoke pamoja, mfuate barabara kuu, msikate kupitia vichochoro vya kwenye mawe hata kama vinaokoa dakika kumi. Bodaboda awe yule yule mnayemjua, namba ya pikipiki iko kwenye simu ya mtu wa nyumbani, na simu yako iingie mfukoni kabla hujatoka getini.

Yule kijana wa mbavu asiachwe hivi hivi. Elfu ishirini si matibabu. Aende hospitali apigwe picha, na aseme wazi kwa daktari kwamba ameumia kazini, iandikwe. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wa WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango yake analipa mwajiri peke yake, na kazi yake ni hii: matibabu ya aliyeumia kazini, malipo wakati hawezi kufanya kazi, na akifa, wategemezi wake. Kwa kibarua ugumu ni kuthibitisha kwamba usiku ule alikuwepo. Ndiyo maana nawasihi muwe na daftari la mahudhurio, kila mtu aandike jina lake na namba ya simu ya ndugu anapoingia, na watu wahesabiwe wanapotoka. Likikosekana daftari, pigeni picha ya pamoja mkiwa na nguo za kazi, bango la mradi likionekana nyuma. Bango hilo lina jina la mkandarasi na la mwenye jengo. Siku ukitafutwa ushahidi utalishukuru.

Mwili nao, kwa kifupi. Usingizi mzito unakamata kati ya saa 8 na saa 11 alfajiri, hata kwa aliyezoea. Mizigo mizito na ya juu imalizwe kabla ya hapo, na mapumziko ya saa moja baada ya saa tano za kazi ni haki yako kisheria. Usidanganyike na vidonge wala pombe kali ya kaka wa mikisa. Ukifika nyumbani lala mapema, kabla bati halijapata moto, ukichelewa hadi saa 5 hulali tena. Valia mikono mirefu, mbu wa malaria ni wa usiku. Zege likiingia ndani ya gambuti vua, osha kwa maji safi na sabuni, linaunguza ngozi polepole na hutalisikia mpaka asubuhi. Ila msiende kuliosha ziwani pale kwenye majani kama nilivyozoea kuona wabeba zege wa Nyegezi wakifanya. Unatoa saruji unarudi na kichocho.

Sasa utayasemaje yote haya bila kupoteza nafasi? Usiende peke yako, na usiende na orodha yote. Nendeni watano au sita, mchana, injinia akiwepo, mkiwa na mambo matatu: taa, matundu na namna ya kulipwa. Kofia na choo vitafuata. Suala la karatasi mlitenge, mliseme siku yake. Msitishie, ulizeni tu: "Mwakilishi wa usalama na afya wa saiti hii ni nani?" Saiti inapaswa kuwa naye. Wasipoelewana nanyi, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, una ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Mweleze mkaguzi saiti iko wapi na slabu ijayo ni usiku gani. Mambo ya makato na kufukuzwa yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi kwa sababu hukusaini una siku 30 za kupeleka shauri, kwa makato una siku 60, na siku hizo zinakwenda mbio kuliko unavyodhani. Chama cha wafanyakazi cha TAMICO kinachukua watu wa ujenzi, kiulizeni kibarua anaingiaje.

Umeniuliza kama uache. Mumeo kule Ukerewe ana wasiwasi wa kweli, sitampinga, ingawa na yeye anakesha majini na sijasikia ukimwambia aache. Mimi ningekuwekea mpaka huu: slabu ijayo, ukipanda ukakuta matundu hayajagongomewa na hakuna taa ya ngazi, shuka, waambie unafanya kazi za chini tu usiku huo, kuchota kokoto au maji. Wakikataa, ondoka kabla ya kuanza, usingoje katikati ya usiku. Slabu mbili zikipita hivyo bila mabadiliko, tafuta saiti nyingine. Mwanza inajengwa kila kona, kutoka Buhongwa hadi Kisesa, na saidia fundi mwanamke asiyechelewa na asiyekunywa mafundi wanamwitana kwa simu. Anza kuwauliza sasa, ukiwa bado una kazi.

Ile karatasi, kama bado inazunguka na ukaipata mkononi, ipige picha pande zote mbili kabla hujairudisha. Majina ya wenzako yaonekane.

Mjomba